NANI ASHIKE DAFTARI LA TAREHE?

Kila mwaka kurasa hizi hujaa makala juu ya ngeli, tamathali za usemi na uchambuzi wa riwaya. Ni mema hayo, lakini mimi nimeleta somo ambalo halimo katika mtihani wowote. Nataka tujifunze jinsi kikundi cha ngoma, kwaya au maigizo kinavyotunza tarehe zake. Aidha nitatetea rai moja ambayo baadhi yenu mtaiona ya ajabu, kwamba daftari la tarehe lishikwe na mtu asiye mwanachama, naye alipwe kwa kazi hiyo.

Huenda ukauliza, mwanafunzi wa kidato cha tatu ameyajulia wapi haya? Mimi ni mkaazi wa Jomvu Kuu. Wajomvu ni mojawapo ya ile Miji Kumi na Miwili ya Waswahili wa Mombasa, na mambo ya arusi na maulidi kwetu si ya kufunzwa. Siku hizi lakini mtaa una kila kabila na kila dini. Kutoka stendi ya matatu mpaka ufuoni ambako wavuvi hushuka na nyavu za kamba, nimehesabu vikundi vinne: akina mama wa vugo, vijana wa matari wa madrasa, wanasarakasi wanaocheza katika hoteli za Bamburi na Shanzu, na kwaya ya kanisa. Tarehe za vyote vinne zimo katika daftari moja kubwa jeusi, na daftari hilo li dukani kwa kijana mmoja wa M-PESA na fotokopi. Hapigi pembe, haimbi, na samasoti haziwezi. Kwao ni bara, naye hana shangazi, wifi wala shemeji Jomvu Kuu nzima. Sisi twamwita Bwana Daftari. Jumamosi alasiri mimi humwandikia, kwa kuwa mwandiko wake ni kama nyayo za kuku, naye hunilipa kwa fotokopi za mitihani iliyopita.

Zamani daftari la vugo lilikaa kwa katibu wao, mama mwenye heshima zake. Hakuwa mwizi wala mlaghai, na hilo nataka lieleweke. Nyumba moja ya Mikindani ilikuja mapema ikaomba usiku fulani wa mfunguo nane, ikatoa arubuni, ikaandikwa. Wiki mbili baadaye akaja wifi yake mtu, akaketi mkekani, akasema, "Wifi, bi arusi ni mwanao. Ukinikatalia wewe nitakwenda kwa nani?" Wewe ungejibuje? Katibu hakuandika kitu, lakini pia hakusema la, na wifi akaenda zake akijua amekubaliwa. Usiku ulipofika kikundi kiligawanyika nusu kwa nusu. Ajuaye vugo ajua kwamba raha yake ni wingi wa pembe zinazogongwa kwa pamoja. Pembe sita barabarani ni kama watu wanaovunja nazi. Nyumba ya Mikindani ilidai irudishiwe arubuni, wifi naye akanung'unika kwamba ameletewa nusu ngoma, na mama mkubwa wangu, aliye mmoja wa wapigaji, alipitwa na jirani yake bila salamu kuanzia mfunguo nane mpaka Ramadhani. Kikundi kilichokuwako kabla mimi sijazaliwa kilikuwa karibu kufa. Ndipo mama mkubwa akasema neno ambalo mtaa wote walikumbuka: "Daftari hili litoke nyumbani. Likisalia humu litatumaliza."

Ukiwa ndani ya kikundi, kila tarehe ina jamaa yake. Huyu ni mwana wa dada, yule alikuzika baba yako, mwengine anakudai. Bwana Daftari hana deni na yeyote. Yeye huangalia nani ametoa arubuni kwanza, basi. Akina mama humlipa shilingi 500 kwa mwezi, na mama mkubwa husema kwamba katika hizo, 100 ni za kuandika na 400 ni za kusema "hapana, mama, usiku huo umekwisha chukuliwa."

Sasa tuingie katika somo lenyewe, na hapa wapenzi wa lugha wafungue masikio.

Bwana Daftari alipoanza kazi, kwa ugeni wake, alikuwa akiuliza swali ambalo sisi wenyeji hatuulizani: "Usiku upi?" Watu walimcheka. Bibi amekwambia usiku wa Ijumaa, wauliza nini tena? Lakini kwa wazee wetu siku huanza jua linapotua. Usiku wa Ijumaa kwao ni ule unaoitangulia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya magharibi. Kijana wa leo, hasa aliyesoma shule kama sisi, akisema "Ijumaa usiku" anamaanisha Ijumaa baada ya magharibi. Maneno ni yale yale yamegeuzwa tu, na kati yake zimepita saa 24! Wenyeji wawili wanaweza kukubaliana, wakapeana mikono na kunywa kahawa, kila mmoja akiwa na usiku wake kichwani. Siku hizi katika daftari letu hatuandiki "usiku wa Ijumaa" wala "Ijumaa usiku". Twaandika "usiku wa kuamkia Ijumaa", halafu tarehe mbili, ya jua linapotua na ya jua linapochomoza. Mzee haelewi vingine na kijana haelewi vingine.

(Nikiwa hapo, tazameni majina yenyewe ya siku. Jumamosi ni ya mosi, Jumapili ya pili, twahesabu hivyo hadi Jumatano ya tano. Kisha yaja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu asili yake ni tano pia! Wiki yetu ina tano mbili na sita haina. Mwalimu wa hesabu asije akaniita ofisini, sikuitunga mimi.)

Saa nazo zina balaa lake. Sisi twahesabu saa kuanzia macheo na machweo, hoteli huhesabu kuanzia usiku wa manane na adhuhuri. Hoteli moja, ambayo sitaitaja, ilimtumia kiongozi wa wanasarakasi karatasi ya Kiingereza yenye "2.00" kwa ajili ya sherehe ya watoto. Yeye akasoma saa mbili. Wakafika na mapipa na kamba zao saa moja u nusu usiku, wakiwa wamevaa mavazi ya kumetameta, wakakuta wahudumu wanapanga meza za chakula cha jioni na watoto wamekwisha kwenda kulala. Sherehe ilikuwa ya saa nane mchana. Malipo hawakupata, na nauli ya matatu ilitoka mifukoni mwao. Tangu hapo kila saa ya hoteli huandikwa mara mbili, kwa hesabu yao na kwa hesabu yetu, na neno mchana au usiku ni lazima.

Jambo la tatu ndilo zito zaidi, nalo ni mwezi. Miezi ya Kiislamu huwa na siku 29 au 30, na mwaka wake una siku 354 au 355. Kwa hivyo kila mwaka wa kawaida unapozunguka, Ramadhani hurudi nyuma kama siku 10 au 11. Mwaka 2023 iliingia katika siku za mwisho mwisho za Machi, mwaka 2025 ikaingia mwanzoni mwa Machi. Mwezi wa Ramadhani ngoma hulala. Vugo hutundikwa, arusi husimama, kisha ikiingia Mfunguo Mosi kila mtu ataka kuoza mwanawe kwa wakati mmoja. Mfunguo Sita ndio mwezi wa maulidi, na vijana wa matari huwa hawalali nyumbani. Wengine hupanda hadi Lamu kwa Maulidi ya Msikiti wa Riyadha. Kwa hivyo mtu atakaye kutunza tarehe za vikundi vya pwani hawezi kununua kalenda ya ukutani yenye picha ya lori akadhani amemaliza. Lazima awe na kalenda mbili kichwani, na hata kwaya ya kanisa ina mwezi wake, maana Pasaka nayo huhama, kati ya Machi 22 na Aprili 25.

Kuna mwaka mmoja ambao Bwana Daftari ameuzungushia duara jekundu mapema yote hii. Kwa hesabu za miandamo, mwaka 2030 utaingiliwa na Ramadhani mara mbili, moja mwezi wa Januari na nyingine siku za mwisho za Desemba. Fikirini maana yake kwa wanasarakasi. Hoteli za pwani hujaa Krismasi na Mwaka Mpya, hupungukiwa kuanzia Aprili wakati wa masika, kisha hupata nafuu Julai na Agosti. Desemba ndiyo vijana hupatia karo ya wadogo zao. Wengi wao wanafunga, na aliyefunga hawezi kupanda juu ya ngazi ya mabega ya wenzake saa kumi jioni kando ya bwawa. Kikundi kinachoshika tarehe zake kwa kichwa kitagundua jambo hilo siku meneja atakapopiga simu. Hiki chetu tayari kimeanza kujadili ni maonyesho gani yaombewe kusogezwa baada ya futari.

Kwa kuwa mwandamo haujulikani kwa yakini mpaka uonekane, tarehe zote zinazofuata mwezi huandikwa kwa penseli. Arubuni ikiingia na mwezi ukithibitika, ndipo kalamu. Idi huachiwa nafasi mbili. Na baina ya shughuli mbili za usiku mmoja huandikwa neno "njia". Msidharau neno hilo! Kutoka Shanzu kurudi Jomvu Kuu wavuka daraja la Nyali, waingia kisiwani, watoka Makupa, kisha Changamwe penye malori ya bandari. Anayeenda Diani kwa feri ya Likoni amwachie Mungu. Mwanachama mwenye hamu ya pesa husema "tutawahi", mshika daftari asiyepata chochote kwa shughuli ya pili husema hamuwahi.

Je, wa zamani walifanyaje? Walikuwa na maafisa wao wenyewe. Vyama vya beni vya pwani, vilivyochezwa tangu mwishoni mwa karne ya kumi na tisa na ambavyo Terence Ranger aliviandikia kitabu mwaka 1975, vilikuwa na wafalme, majenerali na vyeo vingine vya kizungu. Vyama vya lelemama vya akina mama wa Mombasa vilishindana hivyo hivyo, na Margaret Strobel ameeleza habari zao katika kitabu chake cha mwaka 1979. Nadhani wakati ule ilifaa katibu awe mtu wa ndani, kwa sababu walikuwa wakipanga namna ya kuushinda upande wa pili, na siri ya vita humpi mpita njia. Unguja nako, Ikhwani Safaa iliyoanzishwa 1905 na Culture Musical Club ya 1958 ni vyama vyenye uongozi wao. Lakini mambo yakipanuka, mtu wa nje huingia tu. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, safari ile ilikuwa ya mipango ya kampuni ya sahani. Bendi za hoteli za pwani, mfano Them Mushrooms walioitoa "Jambo Bwana" mwaka 1982, zilicheza kwa mikataba ya hoteli, na ratiba ya hoteli ikawa ratiba yao. Leo tamasha la Sauti za Busara, lililofanyika mara ya kwanza mwaka 2004, hukutanisha Unguja kila Februari vikundi vya nchi nyingi, na maombi huitishwa miezi mingi kabla. Kikundi kisichojua kitakuwa wapi Februari ijayo hakiwezi hata kujaza fomu.

Huko Ulaya na Marekani kuna watu ambao kazi yao ni hii hii. Wapo wanaokaa mji mwingine kabisa na kutunza kalenda za kwaya au vikundi vya densi kwa simu na kompyuta, wakilipwa kwa saa au kwa mwezi. Wapo pia mawakala wanaotafuta kazi kwa niaba ya wasanii na kuchukua fungu, aghalabu baina ya asilimia 10 na 20. Nataka tutofautishe hao wawili, kwa sababu hapa kwetu watu huwachanganya na mwisho wake ni ugomvi.

Mshika daftari si dalali. Dalali hupata fungu kila shughuli inapopatikana, kwa hivyo yeye hupenda shughuli ziwe nyingi hata kama mtachoka, na hupenda bei ambayo nyinyi hamuijui. Kuna kikundi kimoja cha ngoma, si cha mtaa wetu, kilichomwachia dalali daftari pamoja na pesa. Hoteli ilikuwa ikilipa bei moja, wachezaji wanaambiwa nyingine. Walikuja kujua kwa bahati, mmoja wao alipokwenda kuulizia koti alilosahau na mhasibu akamwonyesha risiti. Bwana Daftari yeye hashiki pesa. Arubuni huenda moja kwa moja kwa simu ya mweka hazina wa kikundi, na yeye huandika tu namba ya ujumbe wa M-PESA pembeni mwa tarehe. Bei hazungumzi. Mtu akimuuliza bei humpa namba ya kiongozi. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye usalama wote wa mpango huu. Mkono wa tarehe uwe mbali na mkono wa pesa, na malipo yake yawe sawa mwezi wa shughuli kumi na mwezi wa Ramadhani usio na hata moja.

Wazee wana hoja moja ambayo siwezi kuipuuza. Wasema tarehe ya arusi ni siri mpaka siku ikaribie, kwa ajili ya mahasidi, sasa vipi iandikwe katika duka ambamo kila mtu huingia kutoa pesa? Ni kweli. Tulipata suluhisho kwa akina mama wenyewe. Jina la nyumba haliandikwi, huandikwa alama: mnazi, dau, taa ya chemni. Mama mkubwa peke yake ndiye ajuaye dau ni nani. Mimi niliyeandika kwa mkono wangu sijui.

Hoja nyingine, ya vijana, ni kwamba simu zimekuja, daftari la nini? Kweli kalenda ya simu yaweza kuonekana na watu kumi kwa wakati mmoja, na wanasarakasi wanayo. Lakini kundi la WhatsApp la watu thelathini si kalenda. Tarehe huingia saa tatu asubuhi, kufika adhuhuri imezikwa chini ya picha za maua na salamu za Ijumaa. Hata kwenye simu, mwenye ruhusa ya kuandika awe mmoja, wengine wasome tu. Na umeme ukipotea Jomvu Kuu, daftari jeusi husomeka kwa mshumaa.

Naja sasa kwetu shuleni. Chama chetu kina waigizaji, waimbaji na wakariri mashairi, na tarehe zetu ni chache lakini ni kaidi. Kuna mashindano ya muziki ya shule, Siku ya Kiswahili Duniani ya Julai 7 ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021, siku ya wazazi, na mitihani ya kila muhula. Sisi ni shule ya kutwa, hatuwezi kufanya mazoezi usiku kama wa bweni. Nafasi yetu ni ile saa moja baada ya masomo, kabla matatu hazijajaa. Mwaka jana ukumbi mmoja uliombwa na waigizaji na waimbaji siku moja, na katibu aliyekuwa mwigizaji aliwapa waigizaji. Hakuna aliyemlaumu hadharani, lakini waimbaji watatu hawajarudi chamani hadi leo, na mmoja wao ndiye aliyekuwa na sauti ya kwanza.

Pendekezo langu kwa mkutano mkuu ni hili: tuwaombe Chama cha Hesabati watushikie kalenda. Wao hawaimbi, hawaigizi, na kwa tarakimu hawana mzaha. Sisi tutawalipa kwa kuwasahihishia Kiswahili cha matangazo yao, kazi ambayo, aliyesoma ubao wa matangazo atakubaliana nami, itatuchukua muda. Mwenyekiti wao nimekwisha mdokezea. Alisema atafikiri, kisha akauliza tuna shughuli ngapi kwa muhula. Sikuweza kumjibu, maana hakuna mahali pamoja zilipoandikwa.

ZOEZI. Leo ni Jumatatu, tarehe 3. Bibi wa Jomvu Kuu aja dukani ataka vugo "usiku wa Jumamosi". Muda si muda meneja wa hoteli ya Shanzu apiga simu kwa Kiingereza, ataka wanasarakasi siku ya Ijumaa saa "8", onyesho la dakika 40. Mjukuu wa yule bibi ni mwanasarakasi, naye lazima awe arusini ifikapo saa nne usiku. Hakuna aliyetoa arubuni. Je, Bwana Daftari aandike nini, tarehe ngapi, kwa penseli au kwa kalamu, na kabla hajaandika amuulize nani swali gani? Majibu yatiwe katika kisanduku cha chama nje ya maktaba.